Ramadhani Ambayo Sikukohoa

Jumamosi, Ramadhani 21

Daku: mihogo ya nazi na chai ya maziwa. Maryamu, mpwa wangu, alipakua, akanibusu mkono kama kawaida yake, akaenda kukaa karibu na mke wangu, Bi Zena. Maryamu kala vijiko vitatu. Nimehesabu.

Mimi ni mtu wa hesabu. Shule niliachia darasa la sita, lakini miaka ishirini na saba nimehesabu magunia gatini Mbaraki. Siku moja mvua ilinyesha mpaka penseli ikayeyuka mkononi. Nikahesabu magunia elfu nne ya sukari kwa kichwa, nikamwambia nahodha limepungua moja. Wakatafuta siku mbili. Lilikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe. Alilia kama mtoto, wallahi.

Sasa hesabu ya nyumbani kwangu inanikataa. Nyumba zetu zina adabu zake. Mwanamke akiingia mwezini hafungi. Hula jikoni, mlango umerudishwa, na mwanamume hukohoa kabla ya kupita ili mwenye kula apate kumeza. Hakuna asemaye neno. Mwaka jana nilikohoa siku sita kwa ajili ya Maryamu na siku tano kwa ajili ya mamake, dada yangu, Mungu amrehemu. Bi Zena hayumo, umri wake umekwenda.

Mwaka huu leo ni ishirini na moja. Sijakohoa hata mara moja.

Jumatano, Ramadhani 25

Bado.

Kila mtu anajua hesabu ya mwanamke ni siku ishirini na nane, kama mwezi wa mbinguni. Haiongezeki, haipungui. Ramadhani haiwezi kupita patupu. Na dalili nyingine ninaziona. Analala mchana kutwa. Chakula anakisukumasukuma. Juzi alishika ukuta kwenye ngazi, kizunguzungu. Simhitaji daktari kwa hilo.

Kaposwa na Nabili, mtoto wa Mzee Twahiri muuza uturi. Posa tuliipokea kabla ya msiba, arusi ni baada ya Idi. Mwezi uliopita kijana huyo alimbebea kikapu kutoka Marikiti mpaka mlangoni kwetu. Nilikuwa dirishani. Nani ajuaye wamepitia wapi?

Nimemwambia Bi Zena. Kanijibu nimwache mtoto wa watu. Wanawake hufichana.

Dada yangu alikufa mwezi wa Rajabu. Mimi sikutoa chozi, watu walinisifu pale makaburini. Kaniachia binti wa miaka ishirini na mbili, hana baba, na jina la nyumba liko juu yangu. Nina hasira naye hata akiwa marehemu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatatu, Ramadhani 30

Thelathini. Kamili. Kwa mwingine ningesema hongera.

Jumatano, Mfungo Mosi 2

Idi ilikuwa jana. Maryamu alivaa buibui la mamake, likampwaya. Wageni wakasema anapendeza. Mimi niliangalia tumbo.

Leo nimekwenda kwa Mzee Twahiri, barazani kwake. Nikamwambia kiume: heri tuliseme sisi kabla watu hawajalisema. Akauliza lipi. Nikamwambia binti kafunga mwezi mzima bila kuvunja. Akaweka kikombe cha kahawa chini. Hakukigusa tena.

Niliongeza kidogo. Nilisema nimemwona akitapika. Maneno yangu siku zote huyatia chumvi, ndiyo maana watu hunisikiliza.

Wengine walikuwapo pale barazani. Sidhani walisikia.

Walisikia.

Ijumaa, Mfungo Mosi 4

Baada ya sala ya Ijumaa wamekuja, Mzee Twahiri na mkewe. Nabili hakuja. Wamerudisha salamu, yaani wamevunja posa. Maryamu akaitwa. Nikamwambia mbele yao, nikamtajia siku moja moja. Hakulia. Aliniangalia kama mtu aliyeingia na viatu msikitini.

Bi Zena hazungumzi mbele ya wageni wanaume. Miaka ishirini na nne ya ndoa sijamsikia. Leo kasimama na trei ya sharubati mikononi.

"Mimi pia nimefunga thelathini, mume wangu. Mwaka huu na mwaka jana. Haya, niambie. Mimba yangu mimi ni ya nani?"

Nikamjibu yeye ni mtu mzima, damu yake imekatika kwa umri.

"Kumbe wajua kuwa damu hukatika bila mimba."

Mke wa Mzee Twahiri akajifunika mdomo na mtandio. Sijui alicheka au vipi. Nilikunywa sharubati yangu yote. Haikuwa na ladha.

Jumanne, Mfungo Mosi 8

Hospitali, Maryamu kupimwa. Nilikaa benchi la nje na wanaume wenzangu. Nikawahadithia habari za nahodha. Hakuna aliyegeuka.

Hana mimba. Hajawahi kuwa nayo.

Maryamu mwenyewe ndiye aliyetaka niitwe ndani. Alitaka nisikie. Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko viatu vyangu. Kasema chini ya ubongo ipo tezi, haizidi punje ya njegere. Ubongo huiamrisha, nayo hupeleka homoni kwenye ovari ili yai likomae. Ovari nazo hutoa homoni yao, estrojeni, ukuta wa tumbo la uzazi unanenepa. Yai likishatoka huja nyingine, projesteroni, inaushikilia ukuta usianguke. Mimba isipoingia, homoni zote mbili hushuka, ukuta unabomoka, damu inatoka. Kisha kazi inaanza upya. Si lazima siku ishirini na nane. Mmoja ana ishirini na nne, mwingine thelathini na tano, na wote wazima.

Lakini mtu akikonda sana, au akiwa na jonzi zito, ubongo hupunguza amri. Tezi inanyamaza. Ovari zinangoja. Bi Zena ni kinyume chake: tezi yake inaita kwa nguvu, ovari zimechoka, haziitiki.

Nikasema mambo hayo nayajua, ni kama gatini, ofisi ikifunga redio winchi hazisogei. Daktari akaendelea kuandika.

Amepungua kilo tisa. Zimepotea mezani kwangu, mbele ya macho yangu, vijiko vitatu vitatu. Niliona vijiko, sikuona mtoto.

Akaulizwa mara ya mwisho lini. Akasema mwanzo wa Rajabu, wiki moja kabla ya kumzika mamake. Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Hesabu hiyo hata mtoto wa chuo cha Kurani angeipata. Mwili wake ulikuwa matangani, mimi nikauandikia zinaa.

Alhamisi, Mfungo Mosi 10

Mzee Twahiri karudi na tende na maneno laini. Kijana bado anataka, posa irudi mahali pake. Maryamu kakataa. Kamtuma Bi Zena aseme kwa adabu: haingii nyumba ya watu wanaohesabu siku zake, ndiyo kwanza anatoka katika moja.

Alasiri kahamia Makupa kwa shangazi yake. Begi moja. Hakuaga kwa maneno mabaya, ningeshukuru kama angeaga hivyo.

Jioni nimekwenda barazani kuwaambia si kweli, binti ni safi, cheti cha daktari kipo. Wakacheka. Mmoja akauliza:

"Hicho cheti nacho umekikuta chini ya kitanda cha nahodha, ami?"

Miaka yote nimewapa uongo na wakaucheka. Neno moja wamelishika kuwa kweli, nalo ni hilo la kutapika.

Jumamosi, Mfungo Tatu 23

Maryamu alikuja asubuhi kuchukua cherehani ya mamake. Kanenepa kidogo, uso umejaa. Akanisalimu kama inavyotakiwa, shikamoo mjomba. Nikanyoosha mkono aubusu. Akaweka ufunguo wa nyumba juu yake.

Cherehani nilimbebea mpaka chini. Nzito. Hakukataa.

Mchana Bi Zena, akichambua mchele, akasema kama anayesema na mchele: siku za Maryamu zimerudi, kule kule Makupa. Nikasema alhamdulillahi. Sikuuliza lini. Sikuuliza ngapi.

Alasiri nilitaka maji. Nilipofika mlango wa jikoni nikakohoa, nikasimama kidogo.

Hakukuwa na mtu ndani.