Baba Mkwe Hajanifungulia Kinywa

Mshauri mpendwa, nisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana naandikia juu ya pipa la kabichi ghalani, mahali pekee katika nyumba hii pasipopita mtu mkubwa. Mimi ni mke wa Minko, mtoto wa pili wa mzee Valko, nimeolewa miezi kumi na tatu iliyopita, na tangu siku hiyo sijasema neno mbele ya baba mkwe, mama mkwe wala shemeji yangu mkubwa Racho, kama bibi harusi yeyote wa kwetu, na sina kinyongo na hilo, ila wenzangu hufunguliwa kinywa na baba mkwe, yaani huruhusiwa kusema, baada ya siku arobaini, na Penka mke wa Racho alifunguliwa baada ya wiki tatu tu, akapewa hata kondoo mwenye mimba, na mimi bado. Minko yuko ugenini analima bustani za mboga za watu, harudi mpaka sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa kumi. Kuandika nilijifunza shuleni mjini Tarnovo, na hilo hakuna aliyenikataza.

Kila jioni namwagia baba mkwe maji anawe miguu, nami nimepiga magoti, na yeye huongea. Ameniambia kwamba rakia, pombe kali ya matunda anayoitengeneza mwenyewe, haipendi, hunywa kwa heshima ya marehemu baba yake. Ameniambia kwamba Racho ana kichwa kigumu na amekirithi kwa mama yake. Siku moja nilidhani sasa ananifungulia, akasema, "Mwanangu, nikikufungulia utaanza kunijibu. Humu ndani wananijibu wote, hata watoto." Basi nikaendelea kumwaga maji.

Kisha wakati wa Kwaresima akaniambia macho yake yamekwisha, anaona mwanga na vivuli, basi, na hajamwambia mtu, kwa sababu mkuu wa nyumba asiyeona hukabidhi funguo pamoja na kiti chake cha mezani, na vyote vingekwenda kwa Racho. "Hata wewe uso wako siujui," akasema. "Ulipoingia humu nilikuwa nimeshachelewa. Wanasema una doa jeusi shavuni. Ni kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Akangoja. Nikaitikia tena. Akaendelea kungoja, mshauri, mpaka maji yakapoa.

Jumatatu iliyopita adhuhuri tulikuwa wote uani, Racho amechimba shimo la chokaa kwa ajili ya ukuta mpya, chokaa inachemka, na baba mkwe akatoka mlangoni akalielekea moja kwa moja, anatembea kama mtu anayekwenda kanisani. Nikapiga kelele, "Baba, simama! Chokaa!" Akasimama, mguu mmoja juu.

Mama mkwe akasema, "Kasema!" Racho akavua kofia. Penka akapiga ishara ya msalaba.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aende kwenye chokaa mchana kweupe. Wakakaa kikao. Racho akasema ilikuwa dharura, nisamehewe, mama mkwe akasema hapana, nianze kuhesabu upya, mwaka mzima, na asiyetaka aseme. Wote wakamtazama baba mkwe. Akasema, "Utaratibu ni utaratibu." Tangu siku hiyo ananawa miguu peke yake.

Sasa siku ya Mtakatifu Georgi yeye ndiye atakayewapeleka watoto wanne wa Racho monasterini kwa gari la ng'ombe, kama kila mwaka, kupitia daraja ambalo ukingo wake wa upande mmoja umechukuliwa na mafuriko. Aliwahi kuniambia hana wasiwasi, ng'ombe wanaona. Ng'ombe mmoja ana chongo. Nikisema, nimevunja sheria ya nyumba na nimemvua nguo mzee aliyeniamini, na nikinyamaza, watoto wale, mshauri. Mama mkwe hata kumkaribia siwezi, juzi kamchapa Penka kwa mwiko, kisa kasogeza kigoda. Nifanyeje?

Bibi Harusi wa Ghalani

MSHAURI ANAJIBU

Huyu nilimjibu kwa posta siku ileile, maana daraja halingojei gazeti. Nilimwandikia hivi:

Pole, binti yangu, na sasa nyamaza unisikilize, kazi ambayo umeizoea. Watu wazima watatu wanamwona mzee anakwenda kuiva kwenye chokaa, nao wanajadili koo lako! Hao nitawasema siku nyingine. Lakini nawe umekosa. Jambo hili unalo tangu Kwaresima, na kalamu unayo, na mume unaye. Mbona hukumwandikia? Mimi mwenyewe nilimnyamazia baba mkwe wangu miezi minne, na aliponifungulia nikakuta sina la kumwambia, kwa hiyo usinifundishe mila.

Mzee mwache kwanza. Nenda kwa mama mkwe. Mwanamke hamchapi mtu mwiko kwa sababu ya kigoda, ila kama kuna mtu atakayejikwaa. Anajua. Huyo ni mume wake, anamvisha, anamlisha, unadhani kamficha? Mkute anakanda unga, mikono yake ina kazi, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Mama, baba haoni, nawe unajua. Watoto hawapandi gari lile." Usilie. Radhi utaiomba akishajibu.

Jana nimepata barua yake ya pili. Anasema:

"Mama hakuacha kukanda. Akasema, 'Tangu mwaka juzi.' Baadaye akasema, 'Nilitaka unyamaze mpaka Minko arudi. Racho akipewa funguo bila ndugu yake kuwepo, baba yenu atasukumwa pembeni, na huko hatamaliza mwezi.' Nikamwambia watoto hawawezi kumngoja Minko. Akaugeuza unga, akakanda upande wa pili.

Siku ya Mtakatifu Georgi baba ameshapanda, fimbo mkononi, watoto wanataka kurukia garini, mama akaenda akamwambia mbele ya wote, 'Valko, sogea. Racho ataendesha. Wewe huoni.'

Baba akauliza, 'Nani kasema?'

Mama akafungua mdomo, nami nikamwahi. 'Mimi, baba.'

Racho akatazama chini. Baba akaishika fimbo kwa mikono miwili, nikadhani atashuka aingie ndani asitoke tena. Kisha akasema, 'Sauti nene hivyo! Miezi yote hii, hata ulipopiga ukelele pale kwenye chokaa, nilidhani una kasauti kembamba.' Akampa Racho fimbo, akasogea, akapigapiga ubao kando yake. 'Panda ukae hapa. Uniambie tunapita wapi.'

Nimesema kutwa nzima, mshauri. Nimekauka koo."

Kunywa chai ya maua yenye asali, binti, na keshokutwa ukichoka mwambie mzee umechoka, yeye si mtoto. Mama mkwe wako mwombe radhi sasa, mara moja, inatosha.

Na wewe Racho, kama kasisi wa kijiji anakusomea gazeti hili, nisikilize vizuri. Funguo utazipewa, hakuna atakayezila. Lakini kile kiti cha mezani usikikalie maadamu baba yako anaweza kukifikia kwa kupapasa. Wewe endesha gari.