Kipozeo Kisicho na Kelele

Jumatatu, 4 Agosti
Feni inanguruma tena. Nahariri video ya harusi ya kule Masuguru, kompyuta inalia kama mashine ya kusaga. Mama mkwe kajifunga khanga masikioni. Katoka kijijini kwake Kwamsisi kusubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, analala hapa hapa sebuleni. Rajabu, mume wangu, kasema mama yake hapumziki, niihamishe. Niihamishie wapi, jikoni? Nimechukia mpaka ugali haupiti.

Jumatano, 6 Agosti
Tatizo ni kipozeo, lile dude la chuma lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa kunyonya joto. Langu dogo, basi feni yake inakimbia kama inafukuzwa. Nataka kubwa, lenye feni pana inayozunguka polepole. Nimepima kina cha boksi la kompyuta kwa rula. Rajabu kauliza kama hela za kuchezea ninazo.

Ijumaa, 8 Agosti
Korogwe. Shemeji Idi kanisindikiza. Muuzaji kazungumza na Idi tu, na Idi hajui hata kuiwasha kompyuta. Mimi kanisukumia kipozeo chenye mataa ya rangi. Eti ndicho kinachopendwa na akina dada. Sikwenda kununua disko. Nikamwambia ashushe kile kikubwa, kisicho na taa. Akacheka. Nikakipima mwenyewe mbele yake, kimo kinaingia. Nimerudi Handeni na vumbi puani na hasira zangu zote.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekifunga. Kimya. Nimeweka sikio kwenye boksi, sisikii kitu. Mama kalala mchana kutwa. Rajabu anawaambia watu wazo lilikuwa lake. Nimesonya.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeiacha kompyuta ikitengeneza video, nikaenda sokoni. Narudi, imezimika, boksi la moto halishikiki. Kazi yote imepotea. Mama mkwe kalifunika gubigubi kwa kitambaa alichokifuma kwa kupapasa, matundu yote ya hewa ndani. Kasema, "Nilijua umeizima, mwanangu. Nikaogopa vumbi."

Nimekivuta nikakitupa uani. Nikamwambia akafunike kuku wake Kwamsisi. Ndiyo, nimemwambia hivyo mama wa mume wangu. Sijutii.

Jumanne, 12 Agosti
Mama kaondoka asubuhi, karudi kwake. Upasuaji ni Ijumaa. Rajabu hasemi na mimi. Afadhali.

Jumatano, 13 Agosti
Video imekwisha. Nimekaa naangalia kitaa cha kijani kinachoonyesha kompyuta imewaka. Mama hakioni. Hata sahani haioni mpaka aipapase. Siku zote alikuwa anajua imewaka kwa ile kelele, na kelele nimeitoa mimi.

Wifi kapiga simu. Mama anasema upasuaji basi, hataki kumsumbua mtu.

Nakwenda Kwamsisi mchana huu. Rajabu hajui. Nikishasema shikamoo, sijui neno la pili litakuwa lipi.