Kipande Chenye Kishimo

Jumapili, 3 Machi

Mama mdogo kapiga simu. Anahama! Jumatatu ya wiki ijayo anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, na kwa magoti yale hadhani kama atarudi. Halafu akabembeleza: kabla sijaondoka nipikie ile keki ya mama, bibi yako, ya malimau na machungwa, wewe ndiye uliyekuwa ukishinda naye jikoni. Nikasema hilo tu, Mama mdogo? Njoo Jumamosi saa kumi. Mdomo wangu huu!

Nikampigia Mama, nikamwambia, mdogo wako anaondoka, njoo umuage. Akasema atakuja, ila asitegemee kuchekewa.

Miaka mitano hawajakaa meza moja. Kisa ni sufuria ya keki ya Bibi. Mama anaamini mdogo wake aliichukua.

Iko juu ya kabati langu la nguo, ndani ya mfuko, nyuma ya blanketi. Basi. Nimeiandika. Sijawahi kuisema popote.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua sufuria mpya, ya duara, inang'aa. Zenye bomba katikati kama ya Bibi hakuna. Muuza duka kaniuliza kama nimetoka makumbusho.

Keki ni keki, nikajiambia. Kutwa kwenye duka la dawa napima dawa za maji kwa tone, nitashindwa na unga? Mayai manne, siagi, sukari, unga. Maji ya malimau mawili na chungwa moja, na ganda lake, unalikwaruza juu juu tu. Bibi akiona umefika kwenye weupe anakuchapa kiganja: unataka wenzio wale uchungu?

Pembeni imeungua, katikati uji. Nimekula pembeni nikiwa nimesimama. Harufu ni yenyewe. Iliniliza, mjinga mimi, na kijiko mkononi.

Jumatano, 6 Machi

Tena, kwa moto mdogo. Katikati imedidimia, ungeweza kulowekea soksi. Mwenzangu wa kazini kaonja, kasema tamu, huku anatafuta maji.

Shida naijua. Mchanganyiko wa Bibi una maji mengi ya matunda, bila lile bomba la katikati moto haufiki ndani. Nilijua tangu dukani. Nimejitia hamnazo siku mbili na mayai manane.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeishusha. Vumbi tupu. Ubavuni pamebonyea palepale.

Nilikuwa na miaka saba nilipoiangusha kwenye ngazi za jikoni. Nikajificha nyuma ya pipa la maji. Bibi akaiokota, akaitia maji, akasema haivuji, toka huko. Tangu hapo kila keki ilitoka na kishimo ubavuni, na kipande chenye kishimo kikawa changu. Adhabu yako, alisema, pungufu kuliko vya wenzio. Lakini alinikatia cha kwanza. Nyumba nzima wanajua kishimo kile. Kwa hiyo nikiipika humu, Mama ataona.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Bibi, nyumba imejaa watu, nikaitia mkobani mwangu. Nilitaka kitu chake, basi. Ningesema jioni. Kabla ya jioni Mama akafungua kabati, akaikosa. Mama mdogo ndiye aliyefungasha vyombo, kwa hiyo Mama akamgeukia mbele ya majirani: kaburi la mama halijakauka, wewe umeshaanza kuhamisha! Mama mdogo alinitazama mimi. Nilikuwa nafuta vikombe. Nikaendelea kufuta.

Siku ile lilikuwa neno moja tu. Wiki ikapita, mwezi, mwaka, na ulimi ukazidi kuwa mzito. Kuchukua sufuria ningejisamehe. Vile vikombe siwezi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeazima nyundo kwa jirani ili niinyooshe ubavu. Eti! Nimegonga mara mbili nikajishtukia. Bado natafuta pipa la kujificha, na umri huu.

Nyundo nimerudisha.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi. Imetoka! Imeinuka, ina rangi, haikushika. Nikaitoboatoboa kwa sindano ya kufumia kama yeye, nikaimwagia maji ya limau na sukari ikiwa bado ya moto. Kishimo kile pale. Nimekigeuzia ukutani.

Saa kumi na robo. Naandika jikoni, nimesema nachemsha chai.

Mama mdogo amewahi. Kanikumbatia, kanusa, kasema mama huyo! Kisha akaomba kisu. Nikasema nitakata mimi. Akasema kaa. Akaizungusha sahani polepole kwa kidole, kidole kikaingia kwenye kishimo, kikasimama. Akakata kipande hicho, cha kwanza, akaniwekea.

"Chako," akasema.

Nikamuuliza, Mama mdogo, ulijua?

"Nilikuona ukiitia mkobani. Mwanangu, ningemwambia nini mama yako siku ile? Kwamba ni wewe? Nikasema atasema mwenyewe kesho."

Kesho! Nikaanza kulia, nikaanza na maneno, samahani, nilitaka, sikujua. Akanikatiza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaisogeza sahani karibu yangu.

"Kula kabla mama yako hajafika. Hilo shimo la katikati tutasema umenunua sufuria mpya yenye bomba."

Miaka mitano kaitwa mwizi, na leo yuko tayari kuondoka nalo jina hilo, Jumatatu, kwa magoti yale. Kwa ajili yangu!

Nikasema naenda kuangalia chai.

Birika limechemka. Viatu vya Mama hivyo, kwenye ngazi. Mama mdogo ananiita kwa sauti ya chini, njoo ukile, amefika!

Kipande kiko mezani, nilipoinuka nilikiweka mbele ya kiti cha Mama, akione. Sijakigusa. Anagonga mlango.