Mama Hataki Betri ya Baba Ifunguliwe

Shikamoo Shangazi Pelagia, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla nyumba yetu haijaharibika, maana nimefanya jambo kwa nia njema na sasa limenigeukia, na hapa nyumbani hakuna wa kumweleza.

Baba yetu, Mzee Salmini, alipelekwa Maskati kufanyiwa upasuaji wa mgongo tangu mvua za kwanza, anakaa kwa mdogo wake, ami Yahaya, na alhamdulillahi upasuaji ulikwenda vizuri na walishaanza kumfundisha kutembea upya. Huku Tabora ameacha pikapu yake nyeupe, ile anayokwenda nayo shamba Kwihara, na Shangazi, ukisikia mtu anapenda gari basi ni baba, sisi watoto tunasema hiyo pikapu ndiyo kifungua mimba wake. Sasa mama akaanzisha mtindo, kila Ijumaa baada ya swala tunafukiza ubani mle ndani, mimi napiga selfu, gari linaunguruma pale uani dakika tano hivi, mama anampigia baba simu na kuiweka juu ya boneti asikie, na baba kule anacheka, anasema, "Haya zimeni, mtanimalizia mafuta!" nasi tunazima, na wiki yetu inakuwa imenyooka.

Baada ya miezi gari likaanza kuwaka kwa shida, akaja fundi, akashauri tufungue betri tuichaji, gari likae hivyo mpaka mwenyewe arudi. Mama alimjia juu hadi yule fundi akaondoka bila bisibisi yake. "Gari la mtu aliye hai halikatwi moto! Mtaifungua siku mie nikikaa eda!" Basi tukaendelea na mtindo wetu, na Ijumaa iliyopita nikapiga selfu, tk, tk, kimya, na simu ilishapokewa, baba anasubiri. Mama akanitazama machozi yanamlenga. Nikampokonya simu, nikatoka mbio kwa jirani yetu Muntasir, nikamwomba awashe gari lake, nikaiweka simu kwenye boneti lake.

Baba akasikiliza. Hakusema zimeni. Akasema tu, "Haya, Mungu awabariki," akakata.

Tangu siku hiyo ami Yahaya anatuambia baba amegoma mazoezi, analala ameelekea ukutani, anasema, "Nirudi kufanya nini? Gari langu wameshaliuza, wenyewe wamenikatia tamaa." Shangazi, wallahi hatujauza hata tairi! Mama anasema asiambiwe kwamba betri imekufa, mgonjwa haambiwi habari za kufa, tununue mpya kimyakimya tumsikilizishe Ijumaa hii yaishe, na mimi moyo unakataa lakini kumpinga mama siwezi, na baba naye namwona anatutoka hivi hivi. Nifanye nini?

Jihan, Gongoni, Tabora

*

Marahaba, Jihan mwanangu, na pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mtu ameendesha gari moja tangu hujazaliwa, wewe unamsikilizisha gari la Muntasir? Loo! Mimi kikohozi cha mume wangu nakijua hata akiwa sokoni kati ya watu mia, sembuse mwanamume na gari lake. Mlimpa sauti ngeni, yaliyobaki akayajaza mwenyewe, na mtu aliyelala kitandani ugenini hajazi mema. Najua uliogopa, usijitafune. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia getini kwa jirani.

Tuje kwenye betri, na hapa nisikilize, maana nimezaa na fundi wa magari. Iliyoiua ni hiyo Ijumaa yenu. Kupiga selfu kunakula moto mwingi kwa mpigo mmoja, na dakika tano za kuunguruma uani hazirudishi kilicholiwa. Ongeza alamu na saa ya redio, vinanyonya kidogo kidogo hata gari likiwa limelala. Mkinunua mpya mkaifanyia mtindo ule ule, nayo mtaiua.

Nawe mama yake Jihan, najua unasomewa haya, nakusalimu kwa heshima. Uchungu wako naujua. Lakini kufungua betri ni kumfunikia chakula mtu anayechelewa. Wewe umefunika vyakula vingapi katika ndoa yako? Kuna siku ulifunika sufuria ukamaanisha baba watoto harudi?

Jihan, Ijumaa isingojwe. Mpigie baba leo, simu ya picha, umwonyeshe pikapu yake kuanzia taa za mbele mpaka namba ya nyuma, na vumbi lake lote. Mwambie, "Baba nisamehe, lile lilikuwa gari la Muntasir, lako lipo, betri ndiyo imeisha." Habari ya betri haijamuua mzee yeyote mwenye gari. Kinachommaliza ni kudhani hana la kurudia. Halafu mwombe akuelekeze yeye namna ya kuifungua, na mama awe amesimama hapo hapo. Mtu aliye hai akisema kwa kinywa chake "fungueni", nani tena atataja eda?

Atakuambia uzime kila kitu, uanze na waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, na siku ya kurudisha huo huo uwe wa mwisho. Betri ipelekeni kwa yule fundi (na bisibisi yake mrudishieni, jamani!) aichaji polepole kisha aipime. Iliyokaa tupu muda mrefu vibati vyake vya ndani hushika ukoko, nyingine hazirudi tena. Ikishindwa, nunueni mpya na baba ajue. Iwekeni mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko, na kila mwezi ichajiwe hata kama haijaguswa. Ubani fukizeni garini mtakavyo, ila si karibu na betri inayochajiwa, maana hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Na siku mkitaka baba asikie muungurumo, kama leseni unayo, irudisheni betri, mama apande mbele, uendeshe hadi Kwihara na kurudi bila haraka. Hapo betri inashiba, na baba atawasikia mpaka mbuzi wa shambani kwake.

Mwisho, usijifanye mjuaji. Kufungulia betri kunahitaji spana namba kumi, na pengine unaiona hapo ulipo. Iache. Mwulize baba aliiweka wapi.