Dawa Yako Imepata Kazi

Nyumba ya Seremala,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kijinuno,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Na huo mgongo, siku hizi unakuacha ulale? Sisi huku wazima. Mimi ni mzima kadiri mwenye saratani ya titi anavyoweza kuwa mzima: nakula, nabishana na mama mkwe, na kipara changu kinang'aa kuliko sufuria zangu zote.

Nianze na lililokununisha. Ni kweli, ile dawa ya majani uliyonichemshia na kuikamua kwa mikono yako siinywi tena. Usiseme nimekutupa. Nilikuwa nikiinywa kila asubuhi, chungu vile, huku shemeji yako akikunja uso kwa niaba yangu. Kisha vipimo vya damu vikaonyesha ini langu limeelemewa, daktari akaahirisha dripu yangu ya saratani. Siku hiyo niliogopa sana, mdogo wangu. Nilidhani ndiyo basi.

Mfamasia wa hospitali, dada mmoja mpole, aliniomba nimpelekee kila ninachokunywa nyumbani. Hakuicheka chupa yako. Aliinusa, akauliza ni majani gani, akasema, "Mama, mitishamba mingine inasaidia, mingine inagombana na dripu. Hii hatujui iko upande gani. Iweke kando kwanza mpaka tumalize matibabu." Chai ya tangawizi kidogo ameniruhusu, na kichefuchefu kimepungua. Ini nalo likatulia, dripu ikarudi, na uvimbe umesinyaa mpaka daktari mwenyewe akatabasamu.

Sasa sikia vituko. Kuimwaga sikuweza, maana najua ulivyohangaika. Nikaiweka chupa kwenye karakana, katika rafu ya shemeji yako. Unamjua, kabla ya chai huyo haoni kitu. Akaichukua akidhani ni rangi yake ya mbao, akapaka kiti cha mteja. Kikakauka na rangi ya asali, safi kabisa, na mteja akaagiza cha pili. Mama mkwe alicheka huku kashika mbavu. "Mwambie mdogo wako dawa yake imeponya kiti," akasema. Shemeji yako naye anaona haya kukuuliza, lakini anataka kujua hayo majani unayachuma wapi.

Jambo lingine. Upasuaji ni mwezi ujao. Mchana nacheka na kila mtu, lakini naogopa, na sipendi watoto wanione naogopa. Wewe ndiye pekee niliyewahi kulia mbele yako bila kuona aibu.

Dawa iliyobaki ilitosha kupaka kiti kimoja tu, na hakikuwa cha mteja. Shemeji yako amekitengeneza kwa kimo chako, miguu mifupi, akakiweka kando ya kitanda changu. Mama mkwe hataki mtu akikalie, hata paka amefukuzwa. Kwa hiyo usinitumie chupa nyingine, Kijinuno. Njoo ukikalie.

Mama mkwe anakusalimu, na watoto wanamuulizia mama yao mdogo. Nisalimie shemeji yangu na majirani zako wote waliokusaidia kuchuma. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponinunia,

Mama Cherehani