Picha ya Kitamil Iliyomchekesha Dada Zuhura

Mama, shikamoo. Najua unangoja habari za Dada Zuhura kuliko za Johannesburg, basi nianze naye: jana amecheka.

Tangu tumzike shemeji alikuwa hatoki ndani. Jana jirani yake hapa Fordsburg, Bi Saroja, Mhindi wa Kitamil, akatugongea mlango. "Vaeni, twende sinema," akasema, wala hakungoja jibu.

Picha ilikuwa ya Kitamil, yenye tafsiri ya Kiingereza chini. Mzuka wa mama mkwe mlafi unarudi nyumbani kumlinda mke wa mwanawe na mchawi. Kusema kweli ni ndefu mno, nyimbo zinaingia mahali zisipohitajika, na joka la mchawi unaona kabisa ni la kompyuta. Lakini huyo mama aliyeigiza mzuka! Alionja mchuzi jikoni, akanuna: "Hata maiti hali chakula hiki." Dada akaangua kicheko mpaka watu wakageuka. Kisha akalia, kanishika mkono, nami nikamwacha alie.

Tulipotoka baridi ilikuwa inakata masikio. Dada mwenyewe akasema, "Nina njaa." Tukaingia mkahawa wa jirani, akamaliza sahani nzima ya biriani huku akibishana na Bi Saroja kuhusu lile joka.

Mama, ukiswali umtaje Bi Saroja. Katufanyia jambo ambalo mimi ndugu nilishindwa. Wasalimie wote, nawe sasa lala usingizi. Mwanao anakula.

Akupendaye,
Mwanaidi