Gari Linampigia Baba Makofi

Jumanne, 5 Machi

Baba kaleta gari gereji, sevisi. Lile sedani lake jeusi la kifahari — viti vya ngozi, injini ya kukimbizana na magari ya mashindano. Mafundi wenzangu wote wakaacha kazi. "Mzee Kona huyo!" Enzi zake alikuwa dereva wa mashindano, na kuringa hajaacha. Jumapili anampeleka Mama kwa mama mkubwa, kule milimani. Mama anasema siku hizi wakikata kona taa ya njano inawakawaka kwenye dashibodi. Baba kamwambia ni gari linampigia makofi! Wenzangu wamecheka hadi machozi. Mimi nilicheka kidogo tu. Taa ile huwaka gari likitaka kuteleza.

Jumatano, 6 Machi

Hapa gereji gari halitoki bila mwenyewe kuliendesha kwanza, fundi pembeni. Nikakaa pembeni. Kona ya kwanza — taa. Ya pili — taa. Nasikia breki ya gurudumu moja inashika yenyewe, gari linarudishwa njiani. Na barabara kavu! Baba anachelewa kukata, halafu anakata kwa pupa. Kompyuta inamsahihisha, yeye anapiga mluzi. Nilitaka kulia. Ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshindwa kumwambia. Mama anapanga mizigo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia. Kawaka! Eti hicho kidude cha kuzuia kuteleza ndicho kinachomharibia uendeshaji. "Kizime, umwone baba yako!" Haya. Tukaja hapa, kwenye maegesho matupu, lami imelowa mvua. Nikabonyeza kitufe, kidude kikazimika. Akakata kona moja tu — gari likazunguka kama pia, likasimama limetazama tulikotoka. Na mwendo wenyewe wa mtu anayekwenda dukani! Ingekuwa kule milimani, Mama pembeni yake... Sitaki hata kufikiria.

Hatujaumia. Kashuka. Naandika humu humu garini. Anazunguka gari, anapiga teke tairi moja moja. Anasema yamekwisha. Ni mapya, nimeyafunga mimi. Namwonea huruma.

Mama kapiga simu. Anauliza kesho wanaondoka saa ngapi. Nimemwambia nitampigia.

Baba kaja upande wangu, wa abiria. Kafungua mlango. Kasimama tu, ananyeshewa. Hasemi nihamie kwenye usukani, wala hasemi nibaki —